Baiskeli ya Resi Haivai Madigadi

Aliyesema mvua ni baraka hakuwahi kuendesha baiskeli isiyo na madigadi kwenye barabara ya Kibos mwezi wa Aprili. Angeendesha hata mara moja tu, angeongeza neno. Debra alikuwa ameendesha tangu asubuhi, na sasa alisimama kwenye kizingiti cha nyumba ya Mama Mathews, mkoba wa kazi ameukumbatia kifuani, akitabasamu kama mtu anayejua kwamba mbele yake panatazamika na nyuma yake ni balaa tupu.

Mama Mathews hakulirudisha tabasamu lile. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho ya kukagua omena sokoni kabla ya kuuliza bei.

"Geuka," alisema.

"Mama, niko na nyumba zingine mbele..."

"Najua. Geuka tu nione."

Debra akageuka. Kutoka kiunoni hadi kwenye ukosi, mstari mweusi wa tope ulikuwa umepanda katikati ya mgongo wa sare yake ya buluu, ukaishia kwa vitone kwenye shingo na nywele. Gurudumu la nyuma ndilo lililomchora hivyo, tena bila kuombwa.

"Na ni wewe unakuja kushika kitovu ya mtoto," Mama Mathews alisema. Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo palipouma. "Kaa hapo kwa veranda. Nitakuletea chai."

Basi mhudumu wa afya akaketi kwenye kigoda cha veranda akinywa chai ya wageni, huku mzazi aliyekuja kumwona akiwa ndani, nyuma ya pazia. Kazi ya Debra ilikuwa kuwatembelea akina mama waliojifungua kwenye zahanati ndogo ya Sista Waringa pale Mamboleo. Humpima mtoto, hukisafisha kitovu, humtazama mama, huuliza kama maziwa yanatoka. Alikuwa bado kwenye majaribio; mwisho wa mwezi ndipo Sista angeamua kama anabaki au anaenda. Na nyumbani kwake Manyatta hapakuwa na mtu mwingine aliyeleta chochote mezani, tangu Odongo, mumewe na baba wa mtoto wao Ajwang, alipopoteza mguu.

"Perez," aliita kuelekea pazia. "Kitovu imekauka?"

"Bado, dada," sauti ya msichana ikajibu. "Iko na maji maji kidogo."

"Nyekundu pembeni?"

"Sijui. Hapa ndani ni giza."

Debra akamtazama Mama Mathews. "Mama, wacha nione tu kwa dakika moja. Nitanawa mpaka kwa kiwiko."

"Mikono utanawa. Mgongo je? Na hiyo nywele yako ukiinama juu ya mtoto?" Mama Mathews aliketi kizingitini, akauziba mlango kwa mwili wake. "Mimi nilizika mjukuu hapo nyuma ya nyumba mwaka jana. Kitovu iliingia uchafu. Aliyemshika alikuwa mtu mzuri kama wewe, na alikuwa ametoka shamba. Huyu hataguswa na mtu wa matope. Ukikuja safi, mlango ni wako."

Sasa wewe msomaji utasema, si angevaa koti la mvua? Alilivaa. Lakini koti lenye matope ukilivua mlangoni, matope yanahamia mikononi, na mikono ndiyo kazi yenyewe. Si angebeba nguo ya kubadilisha? Aliibeba wiki nzima. Nyumba zilikuwa nyingi. Akibadilisha kwa huyu, kufika kwa yule amechafuka tena. Pikipiki ingekula mshahara wote kabla haujafika mfukoni. Debra hakuwa mjinga, alikuwa amevijaribu vyote.

*

Habari zilifika Mamboleo kabla yake. Sista Waringa alikuwa ameketi mezani akiwa bado na simu mkononi. Alikuwa mzaliwa wa Murang'a, lakini alikuwa amekaa Kisumu miaka mingi hata Kijaluo chake kiliwachekesha wagonjwa wakasahau maumivu. Siku hiyo hakuchekesha mtu.

"Umenyweshwa chai kwa veranda," alisema.

"Ndiyo, Sista."

"Na mtoto hujamwona."

"Aliniambia nikienda safi atanifungulia."

"Na ako sawa. Debra, mimi nakupenda. Wamama wanakusifu, unajua kuongea nao. Lakini mtoto akizaliwa hapa ni wangu mpaka wiki sita ziishe. Ufike na baiskeli, ufike na punda, hiyo ni yako. Bora ufunguliwe mlango." Alifungua droo, akaifunga bila kutoa kitu. "Jaribu tena kesho Jumamosi. Na Jumatatu. Kama Jumatatu bado uko veranda, nitatafuta mtu mwingine wa upande huo. Na sina kazi ya watu wawili."

Debra alisema asante. Ndivyo ilivyo, mtu unaambiwa kazi yako inaning'inia kwenye uzi na wewe unasema asante.

*

Odongo alikuwa kwenye benchi mlangoni, magongo yake yameegemezwa ukutani, akichambua mboga za apoth. Tangu mvua zianze hakuwa ametoka nje ya ua. Magongo yalizama kwenye tope la Manyatta, na mguu mmoja uliobaki ulivaa kandambili iliyoteleza kama sabuni. Chini ya benchi zilikaa gambuti zake za kazi, viatu virefu vya mpira mweusi, zile alizovaa akipakia mchanga kwenye malori kabla ya lori moja kumrudia nyuma na kumponda mguu wa kushoto. Zilikaa mbili, kulia na kushoto, safi. Kila Jumamosi alizifuta zote kwa kitambaa cha maji. Kila moja ilikuwa na herufi O kubwa aliyoichora kwa rangi nyeupe ili wenzake wa mchangani wasimwibie.

Watu walijua kutozungumzia gambuti hizo. Wote isipokuwa Mama Brandon wa mlango wa pili, ambaye ulimi wake haukuwa na breki. Juzi tu alikuwa ameomba: "Baba Ajwang, si unipatie hizo gambuti mzee wangu aende nazo kazi? Nyinyi hamzitumii." Odongo alimjibu bila kuinua macho, "Ziko na mwenyewe." Na mama wa watu akakumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria motoni.

Debra aliegemeza baiskeli ukutani. Ilikuwa baiskeli ya resi, ya zamani, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, matairi membamba, rangi nyekundu imechubuka hadi chuma. Ilikuwa ya Odongo. Ujanani alishindana nayo kwenye lami ya Sondu, na hadi leo kuna wanaume wanaomwita Odongo Upepo. Hawakuwahi kuiuza, hata mwaka wa hospitali ambapo waliuza karibu kila kitu.

"Baba Ajwang, hii baiskeli inataka madigadi."

Odongo akacheka, akamwita mkewe binti wa Sondu kwa Kijaluo. "Nyar Sondu, baiskeli ya resi haivai madigadi. Mimi mwenyewe nilizing'oa nikazitupa siku ya kwanza niliponunua. Hiyo ni uzito. Hata tundu za kufungia hakuna. Hii mashine ilitoka Sondu hadi Ahero na hakuna mtu aliona mgongo yangu."

"Wewe hukuonwa mgongo kwa sababu ulikuwa mbele," Debra alisema. "Mimi naonwa mgongo kila nyumba. Leo mama wa watu ameniambia nigeuke, nikageuka. Amenigeuza kama chapati."

Mikono ya Odongo ikasimama ndani ya mboga.

"Amekwambia ugeuke?"

"Nikageuka. Halafu nikanywa chai kwa veranda." Akamweleza yote, maneno ya Mama Mathews na ya Sista Waringa, mpaka Jumatatu. Hakulia. Alikuwa amechoka mno kulia.

Odongo aliitazama baiskeli kama mtu anayetazama picha yake ya harusi. Kisha akasukuma sufuria ya mboga pembeni.

"Leta hiyo mashine hapa," alisema. "Na ile debe ya mafuta iliyo nyuma ya nyumba. Na mwavuli uliovunjika."

*

Hapa lazima mtu apewe sifa yake. Odongo hakuwa fundi wa baiskeli wala fundi wa bati, lakini alikuwa na mikono. Alilipasua debe kwa mkasi wa bati aliouazima, akalikunja taratibu juu ya goti hadi likapata mviringo wa tairi lenyewe. Mbavu za mwavuli akazikata zikawa vishikizo. Kwa kuwa foki, ule uma unaoshika gurudumu, haikuwa na tundu za madigadi, alifungua bolti ya breki, akapitisha kipande cha bati nyuma yake, akaikaza tena. Kazi ikaendelea hadi jua likawa chini, na ilipokwisha, madigadi yalikuwa yamelala juu ya matairi kwa karibu sana, hata kidole hakipiti, yaking'aa kwa upande wa ndani wa debe uliogeuzwa nje. Ungedhani yametoka dukani.

"Sasa tujaribu," alisema. "Vaa hii."

Alimpa fulana yake nyeupe ya mashindano, iliyokuwa imekunjwa chini ya godoro tangu zamani. Debra akashtuka. "Hii nitaichafua."

"Ndiyo maana. Nikupe nguo nyeusi nitasoma nini?"

Majirani wakatoka. Debra akapita na baiskeli kwenye dimbwi la pale bombani, akarudi, akapita tena kwa kasi, maji yakiruka pembeni, Mama Brandon akishangilia kama yuko uwanjani. Alipoteremka, Odongo alimshika mabega, akamgeuza. Safari hii kugeuzwa hakukumuuma. Aliisoma fulana kutoka chini kwenda juu kama mtu anayesoma gazeti. Haikuwa na hata tone.

"Mwanamume ana mikono huyu," Mama Brandon alisema. "Mguu ulichukuliwa, lakini mikono waliiacha, na hiyo ndiyo makosa yao."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, Odongo alicheka hadi akashika mbavu. Debra alimtazama, akampenda waziwazi, mbele za watu, kama msichana.

*

Kosa lilikuwa moja, na ni kosa la mtu wa lami. Kutoka Manyatta hadi Mamboleo kuna lami, na Debra aliteleza juu yake Jumamosi asubuhi akiimba wimbo wa kanisani. Baada ya hapo lami inakwisha, na upande wa Kibos unaingia kwenye udongo mweusi wa mashamba ya miwa. Udongo ule ukilowa hauruki, unanata. Unashika tairi, tairi linauvuta juu, na kama juu pana bati lililolala karibu kiasi cha kidole kutopita, udongo hauna pa kwenda.

Mwanzo alisikia mkwaruzo. Kisha baiskeli ikawa nzito. Kisha gurudumu la mbele likagoma kabisa, likasimama tuli, na Debra akajikuta amepiga magoti katikati ya barabara. Alichokoa tope kwa kijiti, akasukuma hatua chache, likajaa tena. Mwisho aliibeba baiskeli begani, yenyewe pamoja na tope lake, akatembea mvuani. Mwanamume aliyekuwa akilinda ng'ombe chini ya mwavuli akamuuliza, kwa upole, kama siku hizi baiskeli ndizo zinazopanda watu.

Alipofika, hakuambiwa ageuke, kwa maana hapakuwa tena na mbele wala nyuma. Mama Mathews alimletea karai la maji ya moto, akamwoshea miguu mwenyewe, akiinama kama mama anavyomwoshea mtoto wake.

"Pole, nyara, binti yangu," alisema. "Pole sana. Lakini ndani huingii."

"Mama, kitovu bado haijakauka. Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Ndiyo maana."

"Basi mleteni Mamboleo."

"Kwa hii mvua? Mtoto wa siku chache?" Mama Mathews alikausha miguu ya Debra kwa kanga yake. "Kuja Jumatatu. Kuja safi. Mimi sikuchukii, usifikirie hivyo."

Nyuma ya pazia Perez aliita jina la Debra mara moja.

*

Odongo alisikiliza habari zile akiwa ameiegemeza baiskeli magotini. Alichokoa udongo uliokwama chini ya bati kwa spoki ya zamani, akausugua kati ya vidole, akaunusa. Ulinata kwenye kidole hata alipoupangusa.

"Mimi niliendesha lami tu," alisema mwishowe. "Hii udongo siijui. Nilitengeneza kitu cha kupendeza macho. Nilitaka wakiona waseme Odongo bado ni Odongo. Na wewe ukabeba hiyo maringo yangu begani."

"Si maringo. Ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri na haikufanya kazi. Kama mimi."

Hilo lilimchoma Debra kuliko chai ya veranda na kuliko magoti barabarani. Angeweza kumbembeleza. Badala yake alivua viatu, akapanda baiskeli pale pale ndani ya nyumba, mkono mmoja ukutani.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wewe unajua," alisema. "Chukua chaki ya Ajwang. Nikuonyeshe penye inanipiga."

Odongo alimtazama. Kisha akaichukua chaki. Debra akaonyesha na Odongo akachora, kwenye chuma, kwenye kiti, kwenye sakafu: hapa tope linatoka, hapa linapanda, hili la mbele linagonga miguu na mkoba, hili la nyuma linapita chini ya kiti ndipo linashika mgongo. Yeye ndiye aliyejua njia za tope, maana zilipita mwilini mwake. Odongo aliuliza na kuuliza tena. Halikuwa jambo la kulifunika tairi. Lilikuwa la kulipa tope nafasi ya kupita, halafu kumlinda mtu, si gurudumu.

"Juu sana," Odongo alisema, akijiambia mwenyewe zaidi kuliko kumwambia mkewe. "Ikae juu, mkono mzima upite. Iwe laini, isiwe bati. Na nyuma kitu kizito ining'inie, upepo isiipeperushe."

Jumapili Debra alienda kanisani. Alipoondoka nyumbani kulikuwa na mtungi wa manjano wa lita ishirini umelala uani. Aliporudi ulikuwa umekatwakatwa, na baiskeli imefunikwa gunia.

"Usifungue," Odongo alisema. "Mara ya kwanza tulishangilia mapema. Hii tutaona kesho."

*

Jumatatu mvua ilikuwa imeamua. Debra alitoka mbio, mkoba kifuani, akalivuta gunia. Kwa kweli ilikuwa mbaya. Chini ya chuma cha mbele kilifungwa kipande kipana cha mtungi kwa mipira ya tyubu kuukuu, mbali kabisa na tairi. Nyuma ya kiti kilitokeza kipande kingine, kirefu, kimeinuka kama mkia wa jogoo. Kwenye ncha yake kilining'inia kipande cha mpira mweusi, kinene, kilichoshonwa kwa waya. Ile mashine nyekundu ya Sondu sasa ilifanana na kuku aliyevaa koti la mvua.

"Ni mbaya," Odongo alisema kutoka ndani.

"Mbaya sana," Debra akajibu, akacheka, akaondoka. Hakutazama chini ya benchi. Nani hutazama chini ya benchi akiwa amechelewa?

Kwenye lami hakuwa na wasiwasi, lami alishadanganywa nayo. Udongo mweusi ulipoanza alishika usukani kwa nguvu na kusubiri ule mkwaruzo. Tope lilipanda na tairi, likafika juu, likakuta nafasi, likaanguka. Likapanda tena, likagonga plastiki, likaanguka. Nyuma yake alisikia ule mpira ukipigwa, pa, pa, pa, ukipokea kila kitu alichokuwa akipokea yeye. Mwanamume wa ng'ombe alikuwa palepale. Debra alimpita akiwa juu ya baiskeli, akampungia mkono.

Mama Mathews alikuwa mlangoni kana kwamba hakuondoka tangu Jumamosi. Debra alinawa kwenye karai mpaka viwiko, kisha bila kuambiwa akageuka.

Mama Mathews alimtazama kutoka visigino hadi nywele. Alimgusa mgongo kwa kidole, akakitazama kidole.

"Ingia," alisema, na akajiondoa mlangoni.

Mtoto alikuwa mdogo, mwenye joto la kawaida, mwenye hasira. Debra alifungua dirisha, akainama. Kitovu kilikuwa kimeanza kuwa chekundu pembeni, kidogo tu, lakini kimeanza. Alikisafisha taratibu, akakipaka dawa, akampigia Sista Waringa simu akamweleza. Sista alisema ni vizuri kimeonekana leo, na atakuja mwenyewe jioni kukihakikisha. Kisha Debra akamwonyesha Perez namna ya kukunja nepi isifike kwenye kitovu, akamwonyesha tena, mpaka msichana akaweza kuikunja mwenyewe. Mama Mathews alisimama pembeni akisikiliza kila neno. Mwisho alimnyanyua mjukuu wake mwenyewe, akamweka mikononi mwa Debra, akamwacha hapo kitambo kirefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Sista akija leo," alisema, "nitamwambia asitutumie mtu mwingine."

Alimsindikiza hadi kwenye baiskeli. Aliizunguka, akaipapasa plastiki, akainama nyuma na kuushika ule mpira mweusi. Akaufuta tope kwa kidole gumba.

"Hii ni gambuti," alisema. "Gambuti nzima nzima, haijatoboka. Nani anakata gambuti nzima? Na hii O ni ya nini?"

Debra akainama. Chini ya tope herufi nyeupe ilikuwa imejitokeza.

"Ni ya Odongo," alisema. "Mume wangu."

"Na huyo Odongo atavaa nini kwa hii mvua?"

Debra akaupitisha mkoba begani, akaigeuza baiskeli kuelekea nyumbani.

*

Alirudi nyumbani akiendesha polepole. Mpira ulipigwa nyuma yake njia nzima, na sasa kila pigo alilisikia kivingine. Alikumbuka Jumamosi zote za kitambaa cha maji, kushoto na kulia, kushoto na kulia, na yeye akijifanya hamwoni. Mwaka mzima hawakuwahi kulisema jambo hilo, kwamba Odongo alikuwa akiuwekea gambuti mguu ambao hautarudi.

Odongo alikuwa kwenye benchi. Alimshika mabega, akamgeuza, akausoma mgongo wa sare kutoka chini kwenda juu.

"Safi," alisema.

"Nimeingia ndani. Nimemshika mtoto. Sista hatatafuta mtu mwingine. Odongo, ile gambuti..."

"Ilikuwa mpira mzuri. Ilikuwa imekaa bure."

Debra alichuchumaa mbele yake. Chini ya benchi ilikuwa imebaki moja, ya kulia, imefutwa, inang'aa. Ilionekana ya upweke sana, naye akanyoosha mkono aiondoe, aifiche mahali isimuumize mtu macho.

Wakati huohuo Mama Brandon akatokea mlangoni, kanga kichwani, maji yakimchuruzika. "Baba Ajwang, kuna vijana wawili wa baiskeli pale bombani. Wameona ile kitu ya manjano ya mke wako. Wanauliza fundi ni nani. Niwaambie wakuje huku?"

"Hapana," Odongo alisema. "Waambie wangoje hapohapo bombani. Nataka kuona vile maji inawapiga." Akavuta magongo yake kutoka ukutani. Kisha akamgusa Debra begani, ambaye bado alikuwa amechuchumaa na gambuti mkononi.

"Hiyo wacha, Nyar Sondu. Hiyo bado niko na kazi nayo."

Akanyoosha mguu wake, na Debra akamvisha.